Ratiba ya kusomea nyumbani isiige kengele ya shule

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi wa huku Mombasa wamekuwa wakiniuliza tangu muhula uanze, nalo ni namna ya kuipanga siku ya mtoto anayesomea nyumbani. Nilifundisha katika shule za msingi za umma hapa Pwani hadi nikastaafu, na sasa ninamfundisha mjukuu wangu wa Gredi ya 5 nyumbani kwa binti yangu, Kisauni, kwa kuwa kijana huyo anaugua selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, na daktari wake ameandika kwamba hataweza kuhudhuria masomo kila siku. Wanaoniuliza hutaka niwape ratiba. Wengi wao huwa tayari wanayo moja kwenye simu, imepakwa rangi safu kwa safu kuanzia saa mbili kamili hadi saa kumi kasorobo, ina gwaride la asubuhi, mapumziko mafupi, mapumziko marefu na michezo, na wanachotaka kwangu ni nibadilishe jambo moja au mawili tu. Huwa nawaambia waiweke kando, lakini sababu zake ni ndefu kuliko mazungumzo ya mlangoni, ndiyo maana nimeona niandike.

Suala la sheria lisirukwe, maana wapo wanaodhani kwamba kusomea nyumbani ni hiari tu ya mwenye mtoto. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtwika mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto shuleni na kuhakikisha kwamba anahudhuria, na anayekaidi anaweza kutozwa faini au kufungwa. Wazazi waliovipinga vifungu vya sheria hiyo walishindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2021. Iwe mtu anaupenda uamuzi huo au haupendi, anayemwondoa mtoto kwenye sajili ya shule kisha akaanza kumpangia siku yake anajitafutia taabu ambayo hakuna ratiba itakayoiondoa. Mjukuu wangu bado ni mwanafunzi wa shule yake. Jina lake limo katika sajili, barua ya daktari imo katika faili ya mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa hututumia kazi kwa simu kila Ijumaa, na siku za tathmini kijana huenda mwenyewe akaketi na wenzake, kwa sababu chini ya mtaala wa umilisi alama za tathmini za shuleni katika Gredi ya 4, ya 5 na ya 6 huhesabiwa pamoja na zile za KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 6, na alama hizo hazipatikani kwingine. Sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu nayo inatambua elimu inayotolewa nyumbani kwa wale ambao hali zao haziwaruhusu kufika darasani. Kwa hivyo ninayoyaeleza yanahusu nyumba ya namna hii, na pia nyumba yoyote ambayo watoto wamo ndani kwa likizo, kwa ugonjwa, au kwa sababu shule zimefungwa, kama ilivyokuwa kuanzia Machi 2020, ambapo Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba na waliosalia wakangoja hadi Januari 2021.

Kasoro ya ratiba za kwenye simu ni kwamba zimechukua umbo la shule bila kujiuliza umbo hilo limetokana na nini. Shule hupiga kengele kwa sababu walimu hubadilishana madarasa na kwa sababu watoto mia kadhaa hawawezi kwenda chooni kwa wakati mmoja. Nyumbani hakuna haja kama hiyo. Tazama pia hesabu yenyewe. Tangu masomo ya Gredi ya 4 hadi ya 6 yalipopunguzwa yakawa manane, mtoto wa gredi hizo ana vipindi 35 kwa wiki, kila kipindi dakika 35, na ukizidisha unapata dakika 1,225, yaani muda wa saa 20 na dakika 25 kwa wiki, au saa nne na dakika tano kwa siku. Hizo saa nne zimepangiwa darasa zima, na darasa nililolijua mimi lilikuwa na watoto hamsini na zaidi. Sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kuita majina, kugawa vitabu vichache kwa watoto wengi, kumngoja wa mwisho amalize kunakili, na kusahihisha daftari moja baada ya jingine huku waliomaliza wakipiga soga. Mtoto mmoja akipata dakika mbili za macho ya mwalimu katika kipindi kizima alikuwa na bahati. Akiketi peke yake na mtu mzima anayeitazama kalamu yake inavyokwenda, jambo lile lile humchukua nusu ya muda au hata chini ya hapo, na huchoka upesi zaidi pia, kwa kuwa hana pa kujificha nyuma ya migongo ya wenzake. Sisi hufanya muda wa saa mbili na nusu katika siku njema, na sijaona kwamba kijana amebaki nyuma ya darasa lake kwa sababu ya uchache wa saa.

Kwa hivyo badala ya kuanza na masomo, huwa namwomba mzazi aanze na nyumba. Kila nyumba tayari ina saa zake, hata ile inayoonekana haina mpango. Kwa muda wa wiki moja asiandike lolote kuhusu Hisabati wala Sayansi, aandike tu nani anaamka saa ngapi, meza inakuwa tupu wakati gani, kelele zinaanza lini, mtoto anasinzia lini, na ni saa gani yeye mwenyewe ana mikono miwili huru. Binti yangu anauza mahamri na mbaazi. Unga hukandwa usiku ukaachwa uumuke, yeye huamka saa kumi, karai huwa motoni kabla ya adhana ya alfajiri, na kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi mlango haufungwi kwa wateja. Mkwe wangu hufanya kazi kwa zamu, wiki moja mchana na wiki nyingine usiku, na akitoka zamu ya usiku ni lazima alale. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, na yanapokuja, kila aliye nyumbani hushika ndoo, awe mwalimu au mwanafunzi. Mjukuu wa pili, aliye Gredi ya 2, hurudi kutoka shule saa saba unusu, kisha saa nane huenda chuoni, yaani madrasa, na kaka yake huandamana naye siku anazoweza, na hutoka saa kumi baada ya kuswali alasiri huko huko. Kuanzia Januari hadi Machi, wakati wa joto la kaskazi, chumba chenye paa la mabati hakikaliki baada ya saa tano.

Tulipoyatia yote hayo kwenye karatasi zilibaki nafasi mbili tu, kuanzia saa mbili unusu hadi saa nne unusu asubuhi, na nusu saa nyingine kuanzia saa kumi na moja jioni. Basi hizo ndizo shule. Hakuna aliyezichagua kwa kupenda, na pengine ndiyo maana zimedumu, kwa sababu hatulazimiki kila siku kupigana na nyumba ili tusome. Jirani yetu mmoja, ambaye mumewe hutoka alfajiri na mwenyewe hana biashara, ana nafasi saa moja asubuhi, nami sioni sababu ya yeye kufuata saa zetu.

Ndani ya nafasi ya asubuhi mpangilio wetu ni mwepesi. Hisabati hutangulia kila siku, kwa sababu ndilo somo linaloumizwa zaidi na uchovu, na mtoto mwenye selimundu huchoka mapema kwa kuwa damu yake ina upungufu wa kudumu. Kisha husoma kwa sauti, leo Kiingereza, kesho Kiswahili, na baadaye huandika sentensi zake chache kuhusu alichokisoma. Baada ya hapo hunyoosha miguu, halafu huja somo moja kati ya yale mengine, basi. Chupa ya maji hukaa mezani tangu mwanzo, naye hunywa kila anapomaliza kazi moja kabla ya kuanza nyingine. Hilo linaweza kuonekana dogo. Chembe nyekundu za mtoto huyu huchukua umbo la mundu na kuziba mishipa midogo, na upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu na maambukizi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuyaamsha maumivu, lakini alipokuwa darasani alikuwa akijizuia kunywa ili asiombe ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara na kuchekwa. Nusu ya faida ya kusomea nyumbani, kwa upande wake, iko ndani ya chupa hiyo.

Masomo yale mengine, yaani Sayansi na Teknolojia, Kilimo, Masomo ya Jamii, Elimu ya Dini na Sanaa, hatukuyapangia siku. Hapa ndipo ninapotofautiana na karibu kila ratiba niliyoonyeshwa. Ukiandika kwamba Jumanne ni Sayansi na Jumatano ni Masomo ya Jamii, kisha mtoto akalazwa Jumanne, Sayansi ya wiki hiyo imekwenda, na wiki inayofuata mzazi atajaribu kufanya mbili kwa pamoja, na baada ya mwezi mmoja deni limekuwa kubwa kiasi kwamba hakuna anayetaka kulitazama. Sisi tumeyapanga kwa foleni. Vitabu vitano vimesimama kwenye rafu, kilichotumika leo hurudi mwisho wa mstari, na kesho huchukuliwa kilicho mbele, iwe kesho ni Jumatano au ni Jumatatu baada ya siku tisa za wodini. Ndani ya kila kitabu mna kipande cha karatasi kinachoonyesha tulipoishia. Mtoto anaporudi hospitalini hakuti deni, anakuta ukurasa unaofuata. Mwishoni mwa muhula hulinganisha tulipofika na mahali mwalimu wa darasa amefika, na kama somo moja limebaki nyuma, hulipa nafasi ya jioni kwa wiki kadhaa.

Nimesikia ikisemwa sana kwamba nyumbani kila kitu ni somo, kwamba jikoni ni Hisabati na sokoni ni Masomo ya Jamii, na kwamba mzazi hahitaji kumkalisha mtoto kabisa. Kuna ukweli ndani yake, na mtaala wenyewe unahimiza kujifunza kwa kutenda. Akisami tulizianzia kwenye kibao cha kusukumia. Binti yangu husukuma donge likawa duara, akalikata msalaba, kila duara likatoa mahamri manne, na siku moja kijana aliulizwa mteja anayetaka sita amechukua duara ngapi. Alitazama kibao kwa muda, akagusa vipande kwa kidole, akasema moja na nusu, na tangu siku hiyo robo sita kuwa sawa na moja na nusu halikuwa jambo la kukariri. Lakini mahamri hayakumfundisha kujumlisha theluthi na robo. Hakuna mteja anayenunua theluthi. Hapo ilibidi tukae na daftari, mistari, asili za akisami na kigawe kidogo cha shirika, na tulikaa siku nyingi, na sehemu ya siku hizo zilikuwa za kuchosha kama ilivyo kwa kila mtu aliyewahi kuzijifunza. Mzazi anayetegemea jikoni pekee atakuwa na mtoto mjanja wa chenji asiyeweza kumaliza mazoezi ya Gredi ya 5, nami nimekutana na watoto wa aina hiyo wakirejeshwa shuleni, na kazi ya kuwafikisha walipotakiwa kuwa haikuwa ndogo.

Sasa niende kwenye siku mbaya, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kupangwa kwanza. Watu hupanga siku njema, wakaiita ratiba, na siku mbaya ya kwanza ikiivunja huiacha yote. Kwetu kuna siku za aina tatu, na huamuliwa ipi asubuhi kabla ya chai. Mama yake humtazama macho kama yana umanjano kuliko kawaida, humshika vidole na miguu, humuuliza usiku ulikwendaje, na huangalia jinsi anavyoshuka kitandani. Siku kamili ni ile niliyoieleza. Siku nusu ina Hisabati ya dakika ishirini na kusomewa, yaani mimi nasoma na yeye anasikiliza akiwa ameegemea mto, kisha ananisimulia alichosikia. Siku ya kitanda haina kalamu. Mtoto mwenye maumivu ya mifupa hapewi kazi ya kumsahaulisha, hupewa dawa aliyoandikiwa, maji na joto, na joto la mwili likipanda hupelekwa hospitalini bila kungoja kuona kama litashuka, kwa kuwa maambukizi kwa watoto hawa huenda kasi. Jioni akitaka mwenyewe nitamtolea vitendawili au hadithi, na asipotaka, hatutaki. Siku za namna hiyo hatuziandiki kuwa zimepotea. Huandikwa "kitanda" kwenye daftari, na foleni ya vitabu husimama palepale.

Familia haina mtoto mmoja, na ratiba nyingi zimeandikwa kana kwamba wengine wametumwa dukani. Mdogo wao ana miaka mitatu na hajafika umri wa kuanza PP1, darasa la kwanza la chekechea, na mwanzoni alikuwa akipanda mezani, akichukua kifutio, akilia. Kilichosaidia ni kumpa yeye zamu ya kwanza. Kabla ya Hisabati hukaa naye dakika kumi na tano, tukiimba, tukihesabu vidole, tukichora duara kubwa kwenye karatasi ya gazeti (lako, mara nyingi), na akishashiba kuangaliwa huenda zake kucheza. Kuna kikapu cha vifuniko vya chupa, kete na makombe ya pwani ambacho hutolewa wakati wa masomo tu na kufichwa saa nne unusu, kwa hivyo hakijamchosha. Wakati mwingine hakisaidii, na siku hizo binti yangu humbeba mgongoni huku akiosha sufuria. Yule wa Gredi ya 2 ana shule yake, na ninapinga vikali desturi ya kumfundisha upya jioni mtoto ambaye tayari amesoma tangu asubuhi na amekwenda chuoni. Katika nusu saa ya saa kumi na moja hufanya kazi aliyopewa na mwalimu wake, kisha kaka yake humsikiliza akisoma ukurasa mmoja. Kaka hupata zaidi ya dada katika hilo, kwa sababu kumsahihisha mwingine humlazimu asome mwenyewe kwa makini, na pia kwa sababu mtoto anayehudumiwa siku nzima anahitaji kuwa na mtu wa kumhudumia.

Jambo ambalo sijaliona katika ratiba hata moja iliyoletwa kwangu ni jina la mtu mzima. Zina safu ya saa na safu ya somo, lakini hazina safu ya nani. Matokeo yake yanajulikana. Mama anaamka wa kwanza, anapika, anauza, anafua, anapeleka kliniki, halafu anaongezewa kuwa mwalimu wa masomo manane, na baba anauliza jioni kwa nini daftari halijasahihishwa. Katika karatasi yetu kila kipande kina jina. Hisabati na Sayansi ni zangu. Kusoma na kuandika ni za mama yake siku nne kwa wiki, na siku ya tano ni zangu ili apate kwenda sokoni kwa utulivu kununua unga, nazi na iliki. Kilimo ni cha baba. Mkwe wangu alinung'unika kidogo, akasema yeye si mwalimu, lakini amepanda sukumawiki na mchicha pamoja na kijana katika magunia na madumu yaliyokatwa, wakapima urefu wa miche kila Jumapili na kuuandika, na akiwa na zamu ya usiku kazi hiyo hufanyika alasiri akishaamka. Najua kwamba si kila nyumba ina babu aliyewahi kushika chaki. Kwa nyumba isiyo naye, ningeshauri masomo yapunguzwe kabla ya mama kuongezewa, kwa maana Hisabati, kusoma na kuandika zikifanywa vizuri kila siku, yale mengine yanaweza kusubiri juma zima bila madhara.

Kuhusu mwezi wa Ramadhani nitasema machache. Kijana hafungi, kwa ushauri wa daktari, lakini nyumba nzima hubadilika, biashara ya mahamri huhamia jioni, watu hulala baada ya daku, na nafasi yetu ya asubuhi husogea hadi saa nne. Nafasi ya jioni huondolewa kabisa. Likizo za Aprili na Agosti tunasoma siku tatu kwa wiki, na Desemba hatusomi.

Daftari la kumbukumbu ni la lazima, si kwa ajili ya kujisifu bali kwa sababu shule italitaka. Letu ni daftari la kawaida la kurasa 96. Kila siku lina mistari mitatu au minne, tarehe, aina ya siku, kilichofanywa na ukurasa, na mara moja kwa wiki tunabandika kitu alichokitenda, mchoro, jedwali la miche, au barua aliyomwandikia rafiki yake wa darasani. Mwalimu wa darasa hulipitia kila mwezi na kutia sahihi. Miundo ya mtaala ya kila gredi hupatikana bila malipo katika tovuti ya taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD, na mzazi asinunue ratiba wala kijitabu chochote cha mafunzo ya nyumbani kabla hajaisoma, kwa sababu vingi vya vijitabu hivyo vimeinakili tu kwa herufi kubwa zaidi. Hao marafiki wa darasani nao nimewapangia nafasi, maana upungufu mkubwa wa nyumbani ni upweke, na hakuna babu anayeweza kuwa mtoto wa miaka kumi. Jumamosi baada ya saa kumi wawili au watatu huja kucheza bao na kadi, na habari za darasani huletwa zote, zikiwemo zile ambazo mwalimu asingependa nizisikie.

Ninalo ombi kwa Wizara ya Elimu. Utaratibu wa mtoto aliyesajiliwa shuleni lakini anasomea nyumbani kwa sababu ya ugonjwa uandikwe wazi na ufikishwe kwa kila mwalimu mkuu, ueleze ni barua gani inahitajika, nani anaipokea, tathmini za shuleni zifanyikeje akiwa wodini, na mwalimu wa darasa ana wajibu gani. Hivi sasa mambo yanategemea moyo wa anayekalia kiti. Shule ya mjukuu wangu imetutendea wema, lakini mzazi mmoja ninayemfahamu, ambaye mtoto wake ana hali hiyo hiyo, aliambiwa na shule nyingine amhamishe au akubali jina lifutwe kwa utoro, ingawa barua ya daktari ilikuwa mezani.

Nawe Mhariri, kama nafasi itaruhusu, nakuomba uchapishe kila mwanzo wa muhula, kwa Kiswahili, orodha ya mada zitakazofundishwa katika kila gredi kwa muhula huo. Wazazi wengi wa huku hununua gazeti lako na hawana bando ya kufungua faili kubwa za tovuti. Orodha ya Gredi ya 4 hadi ya 6 ingeenea katika ukurasa mmoja, na ningekuwa radhi kusaidia kuipanga.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa.